Kashata za Bwana Akida

Sinia la kashata lilipofika mbele yangu nikasema nimefunga, na wanaume wote waliokaa kwenye jamvi la matanga wakaangua kicheko. Walikuwa na haki. Ilikuwa siku ya tatu tangu tumzike kaka yangu Athumani, nyumbani kwake Kibiti, alasiri, na kahawa ilikuwa inazunguka kwa utaratibu wake, kikombe kikienda kushoto na kashata zikikifuata. "Sefu huyu huyu?" akauliza jirani mmoja. "Aliyekula sahani mbili za ubwabwa jana, akasema ya pili anamlia marehemu?" Mwingine akadakia kwamba nikifunga mimi basi hata paka wa sokoni amefunga. Nikacheka nao, maana tumbo langu limekuwa likinitangulia barabarani kwa miaka mingi na siwezi kulikana. Lakini ilikuwa Alhamisi, na mimi Alhamisi hufunga. Nimefunga Alhamisi tangu mwaka wa vita vya Maji Maji, na watu wakiniuliza sababu nimekuwa nikiwapa zilizo rahisi: kwamba ni sunna, kwamba mganga wa tumbo aliniambia, kwamba mke wangu siku hiyo hupika vibaya. Ya sunna ilikuwa karibu na ukweli, ila mtu mcha Mungu hafungi kwa hofu ya kumwona mzee mmoja anayetoka Umwe na jamvi kichwani. Athumani peke yake ndiye angeweza kunikosoa, na Athumani alikuwa tayari chini ya udongo. Ndiyo sababu naandika. Nasaba yangu nitawapunguzia, kwa kuwa babu zangu hawakufanya lolote katika habari hii. Yaliyofanyika tuliyafanya sisi wenyewe, na mengi yalifanyika jikoni.

Mwaka ule nilikuwa kijana ambaye ndevu zilikuwa zinapiga hodi lakini hazijafunguliwa mlango. Wenzangu wote wa Kibiti walikuwa kwenye shamba la pamba la serikali, wakilima, wakichuma na kubeba mizigo, na nyuma yao mnyapara na kiboko. Mimi nilikuwa jikoni kwa shangazi yangu, Bi Mwanahawa, nikichambua karanga. Si kwamba nilikuwa mgonjwa. Shangazi ndiye aliyekuwa akimpikia Akida, mtawala wetu kwa niaba ya Mjerumani, kashata za kahawa ya barazani kwake, na Akida, ambaye alikuwa hawezi kusema sentensi tatu bila kutia kitu kitamu kinywani, aliamuru shangazi aachiwe msaidizi mmoja. Nilijitolea kabla amri haijamaliza kusomwa. Athumani alikuwa akirudi jioni, anavua shati kwa uangalifu kwa sababu lilikuwa limegandamana na mgongo, na mimi nampaka mafuta ya nazi kwenye michirizi huku vidole vyangu vinanukia iliki. "Bi Sefu," alikuwa akiniita, "leo umeunguza kashata ngapi?" Nami ninajibu, "Hakuna iliyoungua, bwana." Tulicheka, lakini nilikuwa nikiona aibu, na aibu ile haikunifanya hata siku moja nitoke jikoni nikashike jembe. Nilipenda jiko lile. Lilikuwa na paa la makuti lililokolea moshi mpaka likang'aa kama ngozi, mafiga matatu, kinu kilichopasuka upande mmoja, na mlango mfupi ambao ulimlazimisha kila mtu mzima ainame kabla ya kuingia. Mimi nilikuwa nimeshazoea kuinama.

Kashata za shangazi hazikuwa za haraka. Karanga alizikaanga kwenye chungu chenye mchanga wa mto, ili zishike moto taratibu zisiungue, kisha zikachekechwa, zikasuguliwa maganda kwenye ungo na kupepetwa. Baadaye zikapondwa kwenye kinu, zisiwe unga kabisa, zibaki na punje za kutafunwa. Sukari guru ilikuwa inayeyushwa kwa maji kidogo tu, na hapo ndipo nilipokatazwa kuzungumza, maana sukari ikiiva haingoji mtu amalize maneno. Unadondosha tone kwenye bakuli la maji baridi: likisambaa bado, likikusanyika kama shanga tayari. Basi iliki, mdalasini, tangawizi kavu na pilipili manga kidogo, karanga zinamwagwa, mwiko unazungushwa mpaka bega linauma, halafu vyote kwenye ubao uliopakwa mafuta, vinasawazishwa kwa chupa, vinakatwa vikiwa na moto bado. Shangazi alikata mshazari, vipande vyenye ncha nne kali. "Kashata isiyo na ncha," alikuwa akisema, "ni kama harusi isiyo na vigelegele." Mpaka leo hofu kwangu ina harufu ya sukari guru inayokaribia kuungua, na mnaweza kufikiri ni upuuzi wa mzee, lakini ngojeni.

Katikati ya mwaka Athumani alipotea siku nne. Mnyapara aliambiwa anaumwa tumbo la kuhara, na hakuna mnyapara anayekwenda kuthibitisha tumbo la kuhara. Aliporudi alikuwa na kijiti cha mwanzi chenye tundu, kimefungwa kwa uzi shingoni, chini ya shati. Alikuwa amekwenda Ngarambe, kwa mganga wa maji. Wakati ule kila njia ya Rufiji ilikuwa na watu wanaokwenda Ngarambe, wengine wanasema wanakwenda kuhani msiba, wengine kununua mbegu, na wote wanarudi na macho ya namna moja. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi, akanywa maji, akatueleza kwa sauti ya chini kwamba amekunywa dawa na kunyunyiziwa, na risasi ya Mjerumani ikimjia itageuka maji. Shangazi hakusema risasi haigeuki. Aliuliza swali la mpishi: "Na mwiko wake?" Kwa maana dawa isiyo na mwiko kwetu si dawa. Athumani akasema wamekatazwa wanawake mpaka vita viishe, wamekatazwa kuchukua mali ya mtu, na kundi lao wamekatazwa karanga, kwa sababu karanga hukomaa imezikwa, na aliyekunywa maji asitie kinywani kitu kilicholala kaburini. Nikauliza, na muhogo je? Akanitazama. "Bi Sefu, usiwe mjuaji." Baadaye niliona muhogo anaula, nikaelewa kwamba hata mizimu inajua watu hawawezi kupigana na njaa. Lakini karanga hakugusa tena, na ndani ya nyumba inayoishi kwa karanga jambo hilo halifichiki. Akipita jikoni alikuwa anajifunika pua, kama mwanamwali mwenye mimba changa.

Kuanzia hapo niliogopa kila kitu. Niliogopa mbwa akibweka na niliogopa akinyamaza. Habari zilikuja kwamba Wamatumbi wameng'oa pamba, kwamba watu wa milimani wameshuka, kwamba nyumba za maakida zinaungua. Sokoni watu walianza kusalimiana kwa kifupi. Shikamoo ilikuwa shikamoo tu, bila habari za watoto wala mpunga. Askari waliletwa Kibiti, pamoja na mkubwa wao, ombasha mmoja mrefu ambaye hakuwahi kuniambia neno baya na ambaye nilikuwa nikimwota. Nilijaribu kumsihi Athumani akitupe kile kijiti. Akasema, "Mgongo huu umeuona?" Nikasema nimeuona. "Basi nyamaza." Nikanyamaza, kwa sababu katika kunyamaza nilikuwa na kipaji.

Jumatano moja nilitumwa kwa Akida kuchukua sukari guru. Alikuwa anataka kashata nyingi kuliko kawaida, za watu arobaini, kwa kahawa ya kesho alasiri. Nilielekezwa ningoje uani, nyuma ya ukuta wa makuti, na upande wa pili wa ukuta Akida na ombasha walikuwa wameketi. Sikuwa na nia ya kusikiliza. Makuti hayana mlango, na masikio nayo hayana.

"Ukimwuliza mtu kama amekunywa maji, atakuapia kwa msahafu," Akida alikuwa anasema. "Usimwulize. Mkaribishe. Mpe kahawa, mpe kashata. Mtu wa pwani hakatai kashata ya mwenyeji ila ana lake."

"Na wakila?" akauliza ombasha.

"Walioapishwa kule juu hawali karanga. Nimepata habari ya yakini. Atakayekataa, mfunge. Usimpige hapo barazani, jamvi ni jipya."

Ombasha akacheka kidogo. Mtumishi alipokuja na sukari aliniuliza mbona natetemeka na jua lote lile, nikasema nina homa, na kwa namna fulani ilikuwa kweli. Athumani alikuwa ameitwa kwenye kahawa ile. Wote wa shamba la pamba walikuwa wameitwa, na wazee wa vijiji vya jirani, na yeyote ambaye siku hiyo angekutwa Kibiti. Asipokwenda, amejitaja. Akienda akakataa, amejitaja. Akila, amevunja dawa yake, na namjua kaka yangu: asingekula.

Nilimweleza shangazi huku nimesimama na fungu la sukari mkononi kama mtoto aliyevunja chombo. Alikuwa anapepeta. Hakuacha kupepeta mpaka ungo ukawa hauna ganda hata moja. Kisha akasema, "Teremsha mtungi."

Mtungi ule ulikuwa na korosho za Idd, zimeshabanguliwa na kukaangwa, akizilinda kuliko dhahabu ambayo hakuwa nayo. Kubangua nyingine haikuwezekana. Moshi wa maganda ya korosho huwasha macho ya kijiji kizima, na ombasha angekuja kuuliza nani anapika nini. Tulizimwaga kwenye ungo: konzi mbili, tatu ukiwa mkarimu. "Zitatoa vipande sita," akasema shangazi. "Korosho inakomaa juu ya mti, inaning'inia mchana kweupe. Haikuzikwa popote. Mwiko wake hautamgusa."

"Na nitazijuaje kwenye sinia?"

"Hizo kata mraba, bila ncha kali. Macho yako yakikusaliti vidole vitajua." Akanitazama. "Na utabeba sinia wewe. Mimi mwanamke siingii baraza ile."

Nikamwambia siwezi. Nilisema kweli, na shangazi alijua nasema kweli. Akanipa mwiko. "Basi pika wakati huwezi," akasema.

Asubuhi ya Alhamisi nilimtafuta Athumani kumwonya na sikumpata. Walikuwa wamepelekwa shambani alfajiri na kutoka huko wangeletwa moja kwa moja barazani. Sukari ya kwanza niliiunguza. Ya pili shangazi aliipika mwenyewe, akaniachia korosho, na nilizitia tangawizi na iliki mara mbili ya kipimo ili harufu yake isijulikane, na kwa kuwa nilikuwa nalia kidogo sina hakika kama hazikupata chumvi pia.

Baraza ya Akida ilikuwa imetandikwa majamvi mapya ya Umwe, yaliyosukwa na Mzee Mkumba, na Mzee Mkumba mwenyewe alikuwepo, kwa sababu alikuwa ameyaleta siku ile ile akaambiwa akae anywe kahawa. Nilimjua vizuri. Kila alipolala Kibiti Alhamisi alikuwa akifuturu kwetu. Shangazi alikuwa akimwekea uji wa pilipili manga na tende tatu, naye akila tende mbili na kunipa mimi ya tatu, akisema, "Chukua, wewe ambaye hujafunga ndiye mwenye njaa." Nilikuwa mtani wake. Aliniona naingia na sinia kichwani na vazi safi, akanikonyeza.

Askari wawili walisimama mlangoni. Ombasha alikaa karibu na Akida, bunduki imelazwa mapajani kama mtoto anayelala. Desturi ni kuanza na mwenyeji. Nikapiga goti mbele ya Akida, nimeligeuza sinia ili za mraba ziwe upande wangu, naye kama mtu anayechagua mkufu akaupitisha mkono juu ya zote zenye ncha akachukua ya mraba. Akauma. Akaacha kutafuna. "Hii ina nini?"

"Iliki, bwana," nikasema. "Imezidi kidogo."

Akatafuna tena. "Izidishe kila siku," akasema, na watu wakacheka kwa adabu, na mimi nikahisi jasho linateremka mpaka kwenye visigino. Zilibaki tano.

Nikaenda safu ya kwanza. Watu wakachukua, wakala, wakanywa. Hakuna aliyejua kwamba kuna jambo, na nilikuwa naviona vinywa vyao vikitafuna kwa amani nikawaonea wivu. Kijana mmoja wa Nyamwage, sura yake nilikuwa naijua kwa kupishana njiani tu, aliangalia sinia, akaangalia kando, akasema ameshiba. "Kashata haishibishi," akasema Akida kwa upole. Kijana akarudia kwamba ameshiba. Ombasha hakunyanyuka hata. Aliinua kidole, na askari wakamwinua kijana kwapani. Sasa wageni wote walijua kuna jambo, lakini hakuna aliyejua ni lipi. Mimi peke yangu ndiye niliyejua, na nilikuwa napita katikati yao na tabasamu la mwenye kukaribisha.

Aliyefuata alikuwa Mzee Mkumba. Kando yake, bega kwa bega, ameketi Athumani.

"Nimefunga, mwanangu," Mzee Mkumba akaniambia, na akaweka kiganja juu ya kikombe chake cha kahawa, ambacho kweli kilikuwa kimejaa hakijaguswa.

"Umefunga nini?" akauliza Akida.

"Sunna ya Alhamisi, bwana."

"Mwaka huu Alhamisi zimekuwa na watu wengi." Akida akaniangalia mimi. Naandika neno kwa neno, kwa sababu nimelisikia kila wiki tangu siku ile. "Wee mpishi. Unamjua huyu. Hufunga?"

Jibu lilikuwa moja na lilikuwa kinywani. Hufunga, bwana, hufuturu kwetu, uji wake shangazi ameshaupika, uko jikoni umefunikwa. Lakini nikafikiri: nikisema hivyo Akida ataniuliza la pili, na la tatu, na atanitazama mimi, kisha atamtazama ninayemtazama, na Athumani alikuwa pale pale, na kijiti kile kilikuwa kinaonekana kama fundo chini ya kola ya shati. Hayo ndiyo niliyojiambia baadaye, kwa miaka. Wakati ule nadhani sikufikiri lolote. Niliogopa tu, mzima mzima, kama mtu anavyolowa.

"Sijui, bwana," nikasema.

Mzee Mkumba hakukasirika. Alinitazama kama anayetazama mtoto aliyekosea kuhesabu, anangoja ahesabu tena. Kisha walimwinua, naye akasema, "Taratibu, jamvi," akiruka ukingo wa jamvi alilolisuka yeye ili asilichafue kwa miguu.

Nikasogea hatua moja nikapiga goti mbele ya kaka yangu. Midomo ilikuwa imempauka. Alikuwa ameshaelewa kwamba kashata ndiyo mtego. Nikaligeuza sinia, nikaweka dole gumba kando ya kipande cha mraba, karibu kabisa, mpaka ukucha wangu ukakigusa. Nilimtazama machoni na kuyatia machoni mwangu yote niliyokuwa nayo: mtungi, Idd, mkorosho, mchana kweupe. Sijui alisoma nini. Alinitazama muda mrefu kiasi kwamba ombasha aliinua kichwa. Ndipo akachukua ile niliyoigusa, akaitia yote kinywani, akameza karibu bila kutafuna, akakohoa.

"Tamu?" akauliza Akida.

"Tamu, bwana," akasema Athumani.

Vipande vinne vya mraba vilirudi jikoni. Nilivila mwenyewe, nimeinama nyuma ya kinu, ili visionekane, na naapa sikuonja kitu. Ningeweza kuwa nakula udongo. Kinywa chenye hofu hakina ulimi. Magharibi ilipoadhiniwa shangazi alifunua bakuli la uji wa Mzee Mkumba, akaketi nalo mlangoni. Likapoa. Asubuhi tulisikia wawili wale wamepelekwa, kijana na mzee, wamefungwa kamba moja. Hawakurudi.

Athumani alinijia kesho yake baada ya swala ya Ijumaa, akasimama mlangoni bila kuinama kuingia, nikawa namwona kuanzia kifuani kushuka chini. Nilijua, maana alikuwa ameniambia, kwamba keshokutwa vijana wenzake walikuwa wanaondoka kwenda kuungana na watu wa kijiji cha Mkongo, wakaipige ngome ya serikali. Aliniuliza, "Ile uliyonipa. Ilikuwa karanga?"

Ningesema kweli, angekwenda. Dawa yake ilikuwa nzima, mwiko wake mzima, kwa ustadi wa shangazi na korosho zake za Idd. Angekwenda kifua wazi mbele ya bunduki niliyoiona kwa macho yangu imelala mapajani mwa ombasha, bunduki ambayo haikufanana hata kidogo na kitu kinachoweza kugeuka maji.

"Karanga," nikasema. "Karanga tupu, kaka."

Miguu yake ilisimama pale. Kisha ikageuka. Hakwenda. Wenzake walipompitia alisema tumbo la kuhara, safari hii wakamtazama vibaya. Waliondoka wakiimba polepole, na waliorudi hawakutosha kubeba jeneza moja. Baada ya hapo askari walichoma maghala, na njaa ikaja ambayo iliwafundisha watu kuchimba ming'oko porini na kula mbegu ya mwaka ujao. Katika njaa ile Athumani alikula karanga, na mizizi, na chochote kilichozikwa, bila kuuliza. Kile kijiti sikukiona tena. Mimi baadaye nilipelekwa pwani, shule ya serikali, nikasoma nikafika juu kuliko inavyohitajika kwa mtu wa jikoni, nikawa karani, nikaoa, nikanenepa. Kaka yangu alibaki Kibiti, akalima mpunga, akawa mtu mpole asiyegombana na mtu. Kwangu hakula kashata hata moja. Sinia likipita alikuwa akilisukuma mbele kwa vidole viwili, na mimi nikajua, au nilidhani najua, kwamba mtu huyu anaamini ni yeye aliyeivunja dawa, kwamba wenzake walikufa kwa kipande alichokula. Neno moja langu lingemwondolea mzigo huo. Nilikuwa nikilitayarisha kila Idd. Miaka hamsini ni Idd nyingi.

Basi nirudi kwenye matanga. Magharibi ilipoingia, shemeji yangu Zaituni aliniita ndani nifuturu. Alikuwa ametandika mkeka mdogo chumbani kwa marehemu, ambako kitanda chake kilikuwa kimeegemezwa ukutani. Uji wa pilipili manga, tende, na sahani iliyofunikwa kawa. Akaifunua. Kashata sita, za mraba.

"Kaka yako aliagiza," akasema. "Aliniambia, siku nikitangulia mimi, mpikie Sefu za korosho, umkatie hivi. Nikamwambia mbona usimpe mwenyewe? Akasema mwenyewe hawezi."

Nilikaa na tende mkononi. "Shemeji, alikwambia ni za nini?"

"Yeye kila Idd nilikuwa nampikia hizi hizi, akila hapa ndani, mlango umefungwa, kama mwizi. Alisema korosho ni korosho, Zaituni, hata ukiitia iliki ya Kibiti nzima. Siku ile nilijua, akasema, kabla haijafika kooni."

"Alijua?"

"Alijua." Zaituni alikaa chini, akanyoosha miguu, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. "Nikamwuliza, sasa ulikwenda kumwuliza ya nini? Akasema, nilitaka anidanganye. Nilimwona ombasha karibu siku ile, Zaituni. Niliona bunduki. Sikutaka kwenda, na sikuwa na pa kushika. Mdogo wangu akanipa pa kushika." Akatikisa kichwa. "Ninyi wawili! Waoga wawili mmejifunika shuka moja, kila mmoja ananyamaza akidhani anamlinda mwenzake asiamke."

Nilicheka, na katikati kicheko kikanigeuka kuwa kilio, akaninawisha uso kama mtoto. Nilifuturu kwa kashata. Safari hii niliionja. Ilikuwa tamu, na ilikuwa korosho, mjinga gani angekosea? Yeye akala moja, akasema sukari ilizidi moto. Nikatazama sahani: zilibaki nne. Zilibaki nne, kama zilivyobaki siku ile.

"Nifungie hizo kwenye jani la mgomba," nikasema.

"Unazipeleka wapi? Nyumbani kwako hakuna chakula?"

"Umwe."

"Una nani Umwe?"

Nikamwambia sina mtu. Asubuhi nikapanda lori la mpunga, nikakaa juu ya magunia na kifurushi changu mapajani, na niliogopa njia nzima, ile hofu ya zamani, mzima mzima, ikanuka sukari guru kila lori lilipotikisika. Umwe niliulizia nyumba ya wasuka majamvi. Nikaonyeshwa mwanamke mzee ameketi kivulini kwa nyumba yake, ukindu umetandazwa miguuni, vidole vinakwenda vyenyewe. Alikuwa binti ya Mzee Mkumba. Alinikaribisha, akaniletea maji, na kwa kuwa ilikuwa Ijumaa nikanywa. Akaniuliza nimetoka wapi na nina shida gani. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi kwenye lori, maneno ya karani, yenye mwanzo na mwisho. Yalitoka machache.

"Nimekuja kusema kwamba mzee wenu, siku ile Kibiti, alikuwa amefunga."

Alisuka nyuzi mbili tatu zaidi. "Sisi tunajua," akasema. "Kwani yuko aliyesema hakufunga?"

"Yuko aliyeulizwa," nikamwambia, "akasema hajui."

Vidole vyake vikasimama. Nikafungua jani la mgomba, nikaziweka zile nne juu ya jamvi ambalo halijaisha, nikaanza kumweleza.